Mpira Uwanjani, Kazi Mezani

Katika kila afisi yenye watu zaidi ya watatu, hakosekani mtu mmoja asiyependa mazungumzo ya mpira. Huenda ni karani wa hesabu, au mpiga chapa, au tarishi achukuaye barua. Mtu huyo hakosi adabu, wala hana chuki na wenzake. Lakini Jumatatu asubuhi, wenzake waingiapo wakipigiana kelele juu ya mabao ya Jumamosi, yeye huinamisha kichwa juu ya karatasi zake na kutamani saa zipite upesi. Wenzake humwona, na hukumu yao haikawii. Wengine husema ana majivuno. Wengine husema ni mtu asiyejua raha ya dunia. Wengine, nao ndio wabaya zaidi, husema kwamba mtu asiye na timu si mtu wa kuaminiwa.

Jambo hili laonekana dogo, na wako watakaocheka wakiliona limeandikwa gazetini. Lakini mfanyakazi hukaa kazini muda wa saa nane kwa siku, siku tano au sita kwa juma, na saa hizo ni nyingi kuliko zile akaazo na jamaa zake nyumbani wakiwa macho. Mahali penye saa nyingi hivyo hapana jambo dogo. Neno linalorudiwa kila asubuhi huweza kujenga urafiki au kuubomoa; tena huweza kumnyima haki mtu ambaye hayumo kabisa katika mazungumzo, yaani yule raia aliyesimama nje ya dirisha akingoja kuhudumiwa. Kwa hiyo yafaa jambo hili lipimwe kwa haki, bila kumpendelea apendaye mpira wala asiyeupenda.

Kwanza ikumbukwe kwamba mpira na kazi si wageni wao kwa wao. Chama cha mpira cha Uingereza kiliundwa mjini London mwaka 1863, nacho ndicho kilichoandika sheria ambazo ni mama wa sheria zinazofuatwa leo. Siku zile watu wa viwandani walifanya kazi siku sita. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ilikuwa imeamuru kwamba wanawake na vijana katika viwanda vya nguo waachishwe kazi saa nane ya mchana siku ya Jumamosi. Na desturi hiyo ya nusu siku ilipoenea kwa wafanyakazi wengine, ndipo watu wakapata wasaa wa kucheza na kutazama. Hata leo saa ya desturi ya kuanza mechi za Uingereza ni saa tisa ya alasiri ya huko, siku ya Jumamosi, na asili yake ni ile nusu siku ya wafanyakazi.

Hata timu ambazo makarani wa Nairobi, Kisumu na Mombasa hugombana kwa ajili yake zilitoka katika karakana. Manchester United ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli huko Newton Heath, nayo ikapewa jina lake la sasa mwaka 1902. Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na mafundi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich. West Ham United ilitokana na timu ya mwaka 1895 ya kiwanda cha kuunda meli kando ya mto Thames. Waanzilishi hao walikuwa watu wenye mikono myeusi kwa masizi. Walimaliza kazi yao kwanza, wakavua nguo za kazi, wakaenda uwanjani kucheza wenyewe.

Katika Afrika ya Mashariki mambo yalikwenda njia hiyo hiyo. Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya kutengeneza sabuni, lilianza kushindaniwa na Kenya na Uganda mwaka 1926. Baadaye Tanganyika na Zanzibar nazo zikaingia. Timu za idara na za makampuni zikawa nyingi: za reli, za posta, za polisi, za bandari, za benki. Karani aliyeajiriwa katika idara yenye timu alimtazama mwenzake wa meza ya pili akicheza siku ya mapumziko, na Jumatatu akimsifu au kumtania alikuwa akisema habari za mtu amjuaye, aliyeumia goti mbele ya macho yake. Mazungumzo hayo yalikuwa mafupi, maana aliyezungumzwa alikuwapo, na kazi yake ilikuwa mezani ikimngoja.

Siku hizi mambo yamegeuka. Tangu ligi kuu ya Uingereza ilipoundwa upya mwaka 1992, na televisheni ikaichukua hata vijijini, mazungumzo mengi ya afisini ni juu ya watu walio mbali sana, ambao hawatajua kamwe kwamba makarani wawili wa Kenya wamenuniana kwa sababu yao. Tena mazungumzo hayana mwisho, kwa maana simu ya mkononi huleta habari mpya kila dakika: nani amenunuliwa, nani ameumia, kocha gani amefukuzwa. Mechi za vilabu bingwa vya Ulaya huchezwa usiku wa katikati ya juma, na kwa saa za Kenya nyingi huanza saa nne au saa tano ya usiku. Mtu akiisha kutazama mpaka mwisho, amelala baada ya saa sita au saa saba. Na asubuhi yake macho yake ni mekundu, nayo kalamu ni nzito.

Juu ya hayo imezidi kamari. Zamani mtu aliyetaka kucheza kamari ilimpasa aende mahali pa kamari. Sasa kamari imo mfukoni mwake, katika simu ile ile apokeayo mshahara. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za makampuni mengi ya kamari, na mojawapo ya hofu zilizotajwa ilikuwa hali ya vijana walioharibikiwa. Leseni zaweza kufungwa na kufunguliwa, lakini uchu hukaa moyoni mwa mtu. Katika afisi nyingine asiyependa mpira huambiwa atoe shilingi mia moja ili wote wabashiri pamoja, na akikataa huitwa bahili. Hapo mazungumzo yamekwisha kuwa kodi, tena kodi isiyo na sheria. Mtu aliyekataa kutoa fedha hizo amefanya haki, na haimpasi kujieleza kwa mtu yeyote.

Ili madhara yaonekane vizuri, chukua mfano wa afisi ya chama cha ushirika cha kahawa, kama zilivyo nyingi katika wilaya za milimani. Mfano huu si wa chama fulani. Lakini msomaji aliyepata kusimama katika dirisha la afisi ya namna hiyo ataujua. Makarani ni wanne. Watatu wanapenda mpira, wa nne haupendi. Ni Jumatatu, saa tatu ya asubuhi. Dirishani amesimama mama mmoja mkulima, ameshika stakabadhi zake zilizofungwa ndani ya leso. Anataka kujua kwa nini malipo yake ya kahawa yamepungua. Ndani, makarani watatu wanabishana kama penalti ya jana ilikuwa halali, na kama mchezaji aliangushwa ndani ya kumi na nane au nje yake.

“Mama, ngoja kidogo,” asema mmoja wao bila kugeuza uso.

“Nangoja, mwanangu,” ajibu mama. “Ila hii ni mara ya tatu.”

Kisa cha malipo hayo ni hiki. Mwezi uliopita stakabadhi zilipokuwa zikinakiliwa katika daftari kubwa, karani mmoja alisoma na mwingine akaandika. Msomaji alitaja kilo mia mbili na kumi na mbili. Mwandishi, ambaye sikio lake moja lilikuwa katika ubishi wa mpira, aliandika mia moja ishirini na mbili. Hivyo kilo 212 zikawa kilo 122, na kilo 90 za kahawa zikapotea kwa pigo moja la kalamu. Ikiwa chama kililipa shilingi 80 kwa kilo, basi mama huyo amepungukiwa shilingi 7,200. Kwa karani mwenye mshahara, huenda fedha hizo si kitu cha kumwondolea usingizi. Kwa mama yule ni karo ya mtoto, na mtoto amerudishwa nyumbani.

Je, yule karani wa nne, asiyependa mpira, yeye hakuona? Aliona. Majuma mawili nyuma, alipokuwa akilinganisha daftari na jumla ya mizani, alikuta hesabu hazipatani, akafuata mstari kwa mstari hata akaliona kosa. Lakini alikuwa amechoka kwa kuchekwa. Kila alipofungua kinywa juu ya jambo la kazi, wenzake walimjibu kwa mzaha, wakimwuliza timu yake ni ipi ndipo wamsikilize. Basi hakusema neno. Aliandika kikaratasi: “Wanaobishana juu ya mpira wasahihishe ukurasa wa kumi na nne.” Akakitupa mezani mwao, akaenda zake kunywa chai peke yake. Wale watatu wakakisoma, wakaona ni matusi, wakakisukuma chini ya mafaili. Siku ile hakuna aliyekwenda kuutazama ukurasa wa kumi na nne.

Sasa msomaji na aamue mwenyewe ni nani mwenye kosa. Wale watatu wana kosa, kwa kuwa waliruhusu mchezo uingie katika hesabu za fedha za watu, tena wakamfanya mwenzao awe mgeni katika afisi yake. Lakini karani wa nne naye hawezi kunawa mikono. Alijua haki ya mama yule ilipo, akaifunga ndani ya maneno ya kebehi. Alipenda zaidi wenzake waonekane wajinga kuliko mama alipwe. Chuki yake kwa mpira ilimdhuru mkulima sawasawa na mapenzi ya wenzake kwa mpira. Mama alilipwa mwishowe, lakini mtoto alikuwa amekaa nyumbani siku nane.

Tena kuna madhara mengine ambayo hayaonekani upesi. Mahali ambapo mkubwa wa afisi naye ni mpenzi wa mpira, mara nyingi habari za kazi hupita katika mazungumzo hayo. Katikati ya habari za mabao, mkubwa hutaja kwamba kuna nafasi ya mafunzo, au kwamba idara fulani inatafuta karani wa daraja la juu. Waliomzunguka husikia, asiyekuwapo hasikii. Mkubwa huyo hana nia mbaya, wala hajui kwamba ametenda upendeleo. Lakini baada ya miaka mitano, ukiwatazama waliopanda vyeo, waona ni wale wale waliokuwa wakisimama karibu na meza yake kila Jumatatu. Wanaoachwa nyuma mara nyingi ni wanawake, ingawa si wao peke yao, kwa maana wako wanawake wengi wanaoupenda mpira na kuujua kuliko wanaume, wala hawaulizwi. Na wako wanaume wanaojifunza majina ya wachezaji usiku kama mtoto ajifunzavyo somo la mtihani, ili kesho yake wapate neno la kusema mbele ya mkubwa. Huo ni utumwa mdogo, na afisi yenye haki haimtwishi mtu mzigo huo.

Njia ya kulitengeneza jambo hili haipo mbali. Imo katika mila za watu wenyewe. Mazungumzo ya mpira, yakitazamwa sana, ni aina ya utani. Aliyeshinda humcheka aliyeshindwa, naye aliyeshindwa hungoja zamu yake. Utani ni kitu cha zamani katika nchi hizi, na wazee waliuwekea mipaka. Mtu hakumtania kila apitaye njiani. Babu na mjukuu walitaniana, mashemeji walitaniana, kabila moja lilitaniana na kabila lililopatana nalo. Asiyekuwa mtani akiguswa kwa maneno hayo, halikuwa jambo la kuchekwa, lilikuwa tusi, na aliyelitamka alitozwa faini. Tena utani ulikuwa na wajibu wake. Katika makabila mengi ya Tanzania, mtani ndiye afanyaye mzaha hata penye msiba, lakini ndiye pia ashikaye jembe kuchimba kaburi. Anayekucheka ndiye anayekuzika. Kicheko bila wajibu hakikuitwa utani.

Katika Kenya jambo hili lina uzito zaidi. Timu mbili zenye wapenzi wengi tangu zamani ni Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, na AFC Leopards, iliyoundwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya. Moja ilipata wapenzi wake wa kwanza zaidi kwa Waluo na nyingine kwa Waluhya. Na kwa kuwa makabila hayo yamekaa jirani na kuoana, pambano lao laitwa pambano la Mashemeji. Jina hilo ni zuri, kwa maana shemeji hutaniwa bila kuumizwa. Hata hivyo, karibu na mwaka 1980 Serikali iliona kwamba majina ya kikabila katika michezo yaweza kuleta mfarakano, ikataka yaachwe. Ndipo Abaluhya ikawa Leopards. Wenye busara waliona tangu wakati huo kwamba neno la mpira laweza kuvuka mpaka na kuwa neno la ukoo. Afisini, ambapo watu wa makabila mengi hukaa chini ya paa moja bila kuchaguana, mpaka huo ni mwembamba zaidi. Anayeanza kwa kuicheka timu ya mwenzake aweza kumaliza kwa kumcheka mama yake, na akawa hakujua ni wapi alipovuka.

Lakini haifai kusema kwamba mazungumzo ya mpira yapigwe marufuku. Yana faida zake, na mtu mwenye haki atazikubali. Mpira huwaweka mkubwa na tarishi katika benchi moja kwa dakika tano, na huenda hakuna jambo jingine la siku nzima liwezalo kufanya hivyo. Karani aliyehamishwa kutoka Garissa kwenda Kakamega, asiyemjua mtu, hupata rafiki siku ya kwanza kwa kutaja timu yake. Mwaka 1987, Gor Mahia ilipolitwaa kombe la washindi wa vikombe la Afrika baada ya kutoka sare mara mbili na Espérance ya Tunisia, na kushinda kwa mabao ya ugenini, hata watu wasiojua kuotea ni nini walifurahi, na hawakuulizana makabila. Furaha ya namna hiyo si ya kudharauliwa. Nchi haina vitu vingi vya kuwafanya watu wake washangilie jambo moja kwa siku moja.

Kwa hiyo asiyependa mpira na akumbuke mambo machache. Kutopenda kitu si hekima, kama vile kukipenda si upumbavu. Kipendacho roho hula nyama mbichi, na kila mtu ana nyama yake mbichi: mmoja mpira, mwingine kwaya, mwingine ng’ombe wa maziwa. Yule anayechoshwa na habari za mabao huenda naye amewachosha wenzake kwa habari za ndama wake, nao wakamvumilia. Si lazima ajifanye mpenzi wa timu asiyoijua. Uongo huo hujulikana upesi na huleta aibu. Lakini neno moja la “poleni” kwa walioshindwa, au “hongereni” kwa walioshinda, halimpunguzii mtu kitu, na humpa haki ya kusema baadaye, kwa sauti ya upole, “Sasa ndugu zangu, tuutazame ukurasa wa kumi na nne.” Na kama michezo yote haimchukizi, anaweza kuleta habari nyingine. Wakenya wana jambo la kuzungumza wanapomtaja Faith Kipyegon, aliyeshinda mbio za mita 1,500 katika Olimpiki tatu mfululizo, za Rio, Tokyo na Paris. Hakuna atakayesema kwamba habari hiyo haiwahusu.

Wapenzi wa mpira nao wana wajibu wao. Wazungumze kabla ya saa ya kufungua dirisha, au wakati wa chai, na si wakati fedha zinapohesabiwa au majina ya watu yanaponakiliwa. Wasimlazimishe mtu kuchagua timu, wala wasimwite kwa jina la dhihaka kwa sababu hana. Wamtanie yule tu aliyekubali kuwa mtani wao, na wakiisha kumtania wawe wa kwanza kumsaidia kazi yake inapomzidi, au mtoto wake akiugua. Wasikusanye fedha za kamari afisini. Na aliyekesha akitazama mechi asiwatwishe wenzake kazi yake asubuhi. Usiku ule ulikuwa wake, na uchovu wake pia ni wake.

Mkubwa wa afisi ndiye mwenye wajibu mkubwa kupita wote. Yeye akiupenda mpira, na aupende. Lakini kila habari ya nafasi, ya mafunzo na ya vyeo iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, ili anayesimama karibu na meza yake na anayekaa mbali nayo waisome kwa saa ile ile. Kazi ya kusoma na kunakili hesabu ipewe saa yake maalum, na katika saa hiyo pasiwe na maneno mengine. Na aulize mara kwa mara, kwa siri na kwa heshima, ni nani katika afisi yake anayekunywa chai peke yake, na kwa nini. Mara nyingi mtu huyo anajua kosa ambalo bado halijaonekana.

Mwisho, wapenzi wa mpira hawahitaji kutafuta mwalimu mbali, kwa kuwa mchezo wenyewe unawafundisha. Uwanja una mistari ya chokaa, na mpira ukiuvuka mstari wote, mchezo husimama, hata mchezaji awe hodari namna gani. Mchezo una dakika 90, na refa huongeza chache tu za wakati uliopotea, kisha hupiga filimbi, na hakuna anayeendelea kucheza. Wachezaji wenyewe hupeana mikono wakaenda zao kupumzika. Ni ajabu kwamba wao waliocheza wamekwisha kuacha, na makarani ambao hawakucheza wangali wakicheza siku tatu baadaye juu ya daftari za watu. Mkulima aliyesimama dirishani amekuja na stakabadhi zake kuuliza habari ya kilo zake, na jibu la swali hilo ndilo lililowaweka makarani wote wanne katika viti vyao, apendaye mpira na asiyeupenda.